Tundu la Parachuti

Fundi Shomari alikuja uwanjani na sindano ingali imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Mwalimu Zuwena ndiye aliyekata kitambaa cha parachuti, lakini aliyekipinda, akakishonea kamba na kukileta kimekunjwa vizuri ni Shomari, na alitaka kukiona hewani.

"Moto unasukuma moshi chini, moshi unaisukuma roketi juu," mwalimu aliwakumbusha wanafunzi wake. "Ikifika kileleni, baruti kidogo itafyatua pua yake, parachuti itoke. Kesho mashindano, kwa hiyo tuombe irudi salama."

Bomba la karatasi walilolihangaikia muhula mzima likapaa kwa mlio uliomrusha Shomari hatua mbili nyuma. Huko juu parachuti ikachanua, nyekundu, na watoto wakapiga vigelegele.

Kisha vigelegele vikakatika. Parachuti haikushuka. Ilikuwa ikiyumba huku na huku, ikavuka ukuta wa shule, ikavuka paa la soko.

"Mbona upepo unaichukua?" mwalimu akamaka. "Si niliacha tundu katikati, hewa ipenye, ishuke wima? Fundi, lile tundu liko wapi?"

Shomari akaigusa ile sindano ya ukosini. Miaka arobaini ya cherehani, hakuna kitambaa kilichowahi kutoka mikononi mwake kikiwa na tundu.

"Nimeliziba, mwalimu," akasema. "Kwa mkono. Hata kiraka hakionekani."

Doa jekundu likazidi kuwa dogo juu ya mji, na hakuna uzi hata mmoja uliofumuka.