Kwangu Kwanza

Mafuriko yalikuwa yameimeza Bondeni. Nyamizi na wenzake wa kujitolea walikuwa wakiweka alama kwenye ramani ya mtandaoni, kila nyumba iliyozama, ili boti ya uokoaji ianzie penye alama nyingi.

Diwani Mgaza akamwinamia begani, akitafuna paja la kuku. "Mwanangu, jaza alama na kwangu."

"Kwako kukavu, mheshimiwa. Picha ya leo inaonyesha gari lako uani."

"Na makochi nitayabeba kichwani?"

Kidole chake kikaacha doa la mafuta kwenye kioo. Nyamizi akampisha kiti.

"Chora mwenyewe. Andika jina, watu wote walione."

Diwani akaketi. Pale pa jina, akaandika taratibu: Nyamizi.