Mbegu za Mathenge

Bwana Kirobo alifika malishoni na panga mkononi, akawakuta mbuzi wawili wa Sikudhani wakitafuna maganda ya mathenge, ule mti wa miiba uliokuja juzi tu ukameza nyasi zote.

"Wewe binti, si nilikwambia uwafunge?"

"Wanakula huo mwiba wenyewe, mzee. Wanatusafishia."

"Wanatusafishia!" Akachuchumaa, akapasua kinyesi cha mbuzi kwa kijiti, punje moja baada ya nyingine. Katika ya tatu mlikuwa na mbegu, nzima kabisa. "Wanakula hapa, wanapanda kule. Leo nawachinja, ukamlilie anayekupenda."

Sikudhani alikuwa amewalea mbuzi wale kwa chupa tangu mama yao alipokufa. Hakulia. Aliokota kile kijiti, akaenda hadi walipokuwa ng'ombe wa Kirobo mwenyewe, kwenye kivuli cha mathenge. Akapiga magoti mbele ya samadi mbichi, akaichambua bila haraka, kila mbegu akiitia kiganjani mpaka kikajaa.

"Na hizi, mzee, amezipanda nani?"

"Ng'ombe si mbuzi. Tupa uchafu huo!"

Hakutupa. Alirudi, akasimama kati ya Kirobo na mbuzi, mkono umekunjuliwa, samadi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kirobo aliinua panga. Nyuma yake, dume lake kubwa la ng'ombe lilinyoosha shingo, likang'oa ganda jingine la mathenge, likaanza kutafuna.