Jogoo, Msimamizi wa King'ora

Tembo alipopanda shamba lake la miti ya mpira, alijenga na mji wa wagemaji, akaweka king'ora cha kuwaamsha alfajiri, kabla jua halijakausha utomvu. Jogoo, aliyebaki hana kazi, akapewa cheo: Msimamizi wa King'ora. Kila kilipolia "Uuuuuuu!", alithibitisha kwamba kimelia.

"Kuwika ni mambo ya majogoo wa vijijini," alijigamba miaka ishirini, kofia ya kampuni ikiwa juu ya kilemba chake.

Siku moja Tembo akafunga virago, akaondoka na king'ora chake. Kesho yake jua likachomoza, mji mzima umelala. Mbuzi mgemaji akaja mbio.

"Bwana Msimamizi, kumekucha! Mbona kimya?"

"Nangoja king'ora."

"Kimekwenda na Tembo! Miti katuachia, na tusipogema sasa hivi leo hatuli. Wika basi, si jogoo wewe?"

Jogoo akavua kofia, akatunisha kifua, akafumbua mdomo.

"Uuuuuuu!"

Mji mzima ukakurupuka, ukapanga foleni mbele ya ofisi tupu kungoja kuitwa majina. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mbuzi.

Wanaosimulia kisa hiki ni wajukuu wa Jogoo wenyewe, tena kwa kujicheka. Na wakicheka, utasikia: uuuuuuu!