Ndoo na Kikombe

Mtafiti wa misitu aliingia kikaoni na ndoo ya maji kichwani, utadhani anatoka kisimani. Akaitua mezani kwa mkurugenzi wa ardhi, pwaa! Karatasi zikalowa. Kando yake akaweka kikombe cha chai chenye maji nusu.

"Ndoo ni chemchemi yetu kabla ya kupandwa mikaratusi. Kikombe ni chemchemi ya leo," alisema. "Miti hiyo inafyonza maji. Tuikate yote pale juu mlimani, au mji huu utakunywa hewa."

Mkurugenzi alikuna kidevu, akaitazama picha kubwa ukutani. Wote wakaitazama. Alikuwa Bingwa, mtaalamu wa enzi zile, ambaye ndiye aliyeshauri mikaratusi ipandwe. Kastaafu zamani, lakini ofisi nzima bado ilimwogopa.

"Binti, wewe umehamia ofisi hii mwaka jana tu. Unathubutu kumpinga Bingwa?"

"Nimezoea," mtafiti akaropoka, kisha akajing'ata ulimi.

"Na maji haya umeyapima na nani?"

"Na mstaafu mmoja. Magoti yanamsumbua, lakini kila mwezi tumepanda naye mlimani. Ukikosea kusoma kipimo, anakufokea mpaka ndege wanahama."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha akachovya kidole kwenye kikombe, na kicheko kikamwisha.

"Ikatwe," alisema. "Bingwa atanisamehe."

Mtafiti hakukumbuka alivyotoka mle ndani. Alishuka ngazi mbilimbili, akamkumbatia mlinzi wa getini ambaye hata salamu hawajawahi kupeana, akamwaga maji, akakimbia barabarani na ndoo tupu, akiipiga kama ngoma. Kila ofisi aliyopitia, ripoti zake zimelala makabatini, na leo moja imeamka! Furaha ilimjaa hadi masikioni.

Nyumbani alibisha hodi kwa ndoo. Mlango ukafunguliwa na yule mpima maji mwenzake, akichechemea, mwiko mkononi, uso uleule wa kwenye picha ya ukutani.

"Hukunitaja?"

"Sikukutaja, mama."

"Wamekubali kwa vipimo tu?"

"Kwa vipimo tu!"

Bingwa akautupa mwiko, akamzungusha binti yake sebuleni, magoti mabovu na yote.

"Basi ule mti wa kwanza asiuguse mtu," alisema akihema. "Niliupanda mimi, nitauangusha mimi."