Teke la Bunduki

Lugendo alitaka bunduki ya kuangusha nyati. Alipoijaribu uwanjani nyuma ya duka, risasi ya kwanza tu ilimbwaga chali. Mwenye duka akajiuma midomo asicheke.

"Hii ina teke, bwana. Anayejikaza ndiye anayeumia."

"Mpe na mke wangu," Lugendo alifoka pale chini, ameshika bega. "Tumwone naye akigaragara."

Nyamizi akakibana kitako begani, akaulegeza mwili kama alivyozoea kuulegeza kila mumewe anapotia komeo mlangoni na kukunja mikono ya shati. Akafyatua. Hakuyumba.

"Lo, mama! Nani kakufundisha kupokea teke hivyo?"

"Huyo hapo," alisema Nyamizi, akamgeukia mumewe, na bunduki hakuishusha.