Viatu Kando ya Lango

Viatu vya mumewe vilikuwa bado kando ya usukani wa lango la maji, vimepangwa sawasawa kama vya mtu aliyeingia kulala.

Saa nzima sasa.

Pale kwenye mtambo wao mdogo wa umeme, maji hushuka kwa kasi kwenye bomba kuu, yakazungusha gurudumu la mapanga kule chini, nalo likazungusha jenereta. Mtu akitaka kuingia bombani kuzoa takataka, hufunga lango, huvua viatu na kuviacha hapo. Viatu vikiwepo, lango haliguswi. Mumewe, fundi mkuu, ndiye aliyemfundisha siku yake ya kwanza kazini, huku akicheka: "Hata viwe vya mama mkwe wangu. Usinijaribu."

Nesi wa zahanati alikuwa amepiga simu mara tatu. Kuna kichanga kimezaliwa kabla ya siku zake, mashine ya kukipa joto imezimika, anaomba umeme jamani. Naye mke wa fundi alikuwa na mtoto wake wa miezi saba, kamwacha kwa bibi yake. Maneno yale yalimkata maini.

Aliinama kwenye mlango wa bomba, hatua chache chini ya lango.

"Baba watoto!"

Akatega sikio. Maji tu, yaliyozuiwa langoni, yakifurika pembeni kwa kishindo.

Hakungoja. Akawasha tochi, akaingia. Ko, ko, ko, hatua zake zikalia kwenye chuma. Aliwaza mabaya matupu: ameteleza, amevunjika, amekosa hewa. Akashuka, akaita, akashuka tena, hadi mwisho karibu na mapanga.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbichi za matope, vidole vyote vitano, zikiishia chini ya kifuniko cha kutokea. Akakisukuma. Kilikuwa kimeshakazwa kwa nje.

Basi ametokea huku. Yu mzima! Akaegemea chuma baridi, akacheka peke yake, machozi yakimtiririka.

Ndipo sauti ya mumewe ikashuka bombani kutoka juu kabisa, akiongea na simu kwa nguvu ili kuyashinda maji.

"Tulia, nesi. Viatu vyangu nimeshavaa. Nafungua sasa hivi."

Akapiga ukelele, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akakimbia kuufuata ule mwanga mdogo wa juu, na viatu vyake vikilia kwenye chuma: ko, ko, ko.