Swali la Nne

Cherehani ilinyamaza katikati ya pindo, na mwanafunzi akajua kuna jambo.

Mpaka hapo mazoezi yalikuwa yamekwenda vizuri. Kesho yake angeanza kuhoji wagonjwa katika utafiti wa afya ya akili, mafunzo yake ya kwanza ya kazi, na shangazi yake, fundi wa nguo, alikubali fomu ijaribiwe kwake. Alijibu huku akishona. Usingizi? “Fofofo.” Chakula? “Niangalie kiuno, mwanangu, ujijibu mwenyewe.”

Swali la nne liliuliza: “Je, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?”

Mguu wa shangazi ulibaki juu ya pedali. Kidole gumba kilipapasa uzi, kikarudi, kikapapasa tena.

Msimamizi wa utafiti alikuwa amewaambia wanafunzi, mtu akinyamaza, msimsemee. Mwanafunzi akajikaza.

“Andika ndiyo,” shangazi akasema.

“Hii ni ya kujaribia tu, shangazi. Tutaichana.”

“We andika.”

Ndipo mwanafunzi alipong’amua. Wiki tatu yumo nyumbani humu, na hajamsikia akiimba hata mara moja, mwanamke ambaye zamani hakushona hata kifungo bila wimbo.

Fomu ilitaka aende swali la tano. Akafunika kalamu, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

“Ule wimbo wako wa kunibembelezea unaanzaje?”

Shangazi akaendelea kupapasa uzi. Basi mwanafunzi akauanza mwenyewe, kwa sauti ya chura.

Hata ubeti haujaisha, kiganja chenye vumbi la chaki ya kuchorea vitambaa kikamziba mdomo.

“Unauharibu,” shangazi akasema. “Sikiliza.”